Mwisho Wenye Tulikata

Nyalukemba, siku ya Mungu, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Mélanie, mama yangu mudogo,

Mbele ya yote: unakula? Masista wanapenda kufunga, na mifupa yako mimi ninaijua. Wakikupa bugali kidogo, omba tena. Mungu hahesabu matonge.

Ni mimi Koko wako, mama ya baba yako, ninasema. Anayeandika ni Chadia wa jirani, maana kalamu mimi ninaijua kwa macho tu. Nimemwambia: andika sawa vile ninasema, usinipake pouda.

Ile televizio ya baba yako, yenye tulichimbua ndani ya matope pamoja na kitanda, nilisema ni ya kutupa. Almasi akaibeba. Almasi yule mutafsiri wa filme, mwenye kusimama kando ya picha na mikro, Wazungu wanasema kizungu chao, yeye anatupa Kiswahili na kumupa kila mutu jina ya huku ili tusipotee. Aliifungua, akaianika juani vipande vipande kama mihogo. Juma iliyopita ameirudisha, na inaonyesha! Kwenye kona moja doa la matope limebaki ndani ya kioo. Anasema hawezi kulitoa. Nikamwambia: nani alikuomba ulitoe?

Basi sasa ninatazama filme. Usicheke. Zamani hizi filme za watu wa nguvu nilizidharau. Mutu anavaa kaputula juu ya suruali, anaruka juu ya nyumba, risasi inamugonga inaanguka kama mahindi ya kukaanga, anacheka na meno meupe. Nilisema: huyu bado hajafiwa. Lakini zenye Chadia ananiletea sasa kwa flashi ni zingine. Iko moja, Almasi anamwita mutu wake Soudeur, maana anajificha uso na kofia ya chuma ya kuchomelea. Hana mabawa. Akipanda ngazi anahema kama mimi nikitoka soko ya Kadutu. Wakimuchoma kisu anajishona mwenyewe, na uzi wa magunia, anauma kitambaa. Na mji wao! Giza, matope, mvua hainyamazi. Nikasema: hii ni Bukavu, wamebadilisha ngozi ya watu tu.

Sasa sikia. Ndani yake iko patron, tajiri mwenye suti. Alifunga njia ya maji ili ghorofa yake ikauke. Maji ikaenda kwa wadogo, ikabeba ndugu ya Soudeur. Halafu patron anakuja kwenye kilio na maua. Mélanie, nilisimama, chai ikamwagika kwa mukeka. Nikapiga kelele: Hugues!

Maana ni yeye muzima. Hugues wa pale juu aligeuza mufereji ya barabara isipite mbele ya lango lake jipya. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikashuka kwetu yote. Patrice mutoto wangu na Gisèle mama yako walilala ndani ya nyumba, tukawaamusha na majembe. Na masanduku yao ya kuzikia nani alilipa? Hugues. Muchele ya kilio nani alileta, mpaka wapishi wakashangaa? Hugues. Tukakula, tukasema aksanti tonton, kama kwa mujomba wetu. Ni nyuma ya maziko, matope ilipoanza kukauka, ndipo tukaona mufereji imepinda wapi.

Nilienda kwa chef wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu. Unajua alinijibu nini? «Maman, muchele yake mulikula juu ya maiti yenu. Kwetu maneno inaishia kwa sahani: ukikula cha mutu, kesi yake imekwisha.» Ni kweli, ni desturi, baba yangu pale Nyangezi alikata maneno mingi hivyo. Lakini baba yangu hakuona mutu anaua na mukono mumoja na kupakua na wa pili.

Kinywa changu kimezibwa na muchele. Sawa. Soudeur naye hasemi sana. Amenionyesha kitu, na Almasi amekubali. Utasikia.

Koko wako,
Adélaïde M'Mushagalusa
(alama hii ya wino ni kidole changu, si uchafu)


Noviciat, Walungu, tarehe 25 Februari 2024

Koko mpendwa,

Amani ikae nyumbani mwako. Ninakula vizuri, usihangaike. Sista Ghislaine, mlezi wetu, ambaye barua zetu zote hupitia mikononi mwake, anakusalimu na kufurahia afya yako.

Koko, mwezi wa nane nitaweka nadhiri zangu za kwanza. Ninakuomba zawadi moja tu: uache maneno ya Hugues. Mimi nimemsamehe. Ninasema hivyo mbele ya Mungu. Kisasi ni cha Bwana, si cha filme, na Almasi angefanya vizuri zaidi kama angetafsiri maisha ya watakatifu. Baba na Mama wako mahali ambapo mvua haifiki.

Je, Hugues bado anapita njia ya kanisa siku ya Jumapili? Bado ana gari lile jeupe? Lango lake ni lile lile, au ameongeza ukuta? Ninauliza ili nipate kumwombea vizuri.

Mjukuu wako katika Kristu,
Mélanie


Nyalukemba, tarehe 7 mwezi wa ine 2024

Mélanie mama,

Barua yako Chadia aliisoma mara mbili. Ya kwanza nililia. Ya pili nilicheka mpaka mbavu ikauma. Unauliza rangi ya gari ili umuombee mutu? Mungu hajui gari? Damu yangu hiyo. Lakini sawa, ninyamaze, Sista asome vizuri.

Gari iko nyeupe bado.

Sasa sikia vile tulifanya, na ilikuwa muchana, mbele ya macho ya watu, mimi si mwizi. Ni majuma matatu sasa: siku ya Mungu, nyuma ya misa, nilitoa televizio nje, nikaiweka juu ya meza kwenye kiwanja palipokuwa nyumba ya baba yako. Avenue yote ilikuja. Na Hugues nilimwalika mwenyewe, nilipanda mpaka kwa lango lake: «Tonton, kuja utazame filme na sisi, kiti chako kiko mbele.» Anapenda kiti cha mbele. Alikuja na viatu vya kung'aa na mutoto wake Déborah mukononi. Huyo mutoto sikumualika.

Filme ikaanza. Patron akatokea na suti yake. Almasi akashika mikro: «Huyu muheshimiwa, jina lake ni Hugues.» Watu wakacheka, hata mwenyewe alicheka, alifikiri wanamupamba. Almasi akaendelea na sauti ile ile, polepole: «Hugues anaona mufereji inapita mbele ya lango lake. Anasema, iende kwa Patrice.»

Kicheko kikakatika kama umekikanyaga.

Patron anafika kwenye kilio. Almasi: «Hugues analeta magunia ya muchele.» Maman mumoja nyuma akauliza, «Almasi, lakini ile si maua?» Almasi akajibu: «Kwao ni maua, maman. Kwetu ni muchele.»

Ah, Mélanie! Ungeona shingo yake. Nilikaa nyuma yake kwa makusudi ili nione shingo. Jasho lilikuwa linatoka kwa nywele linaingia kwa kola. Alitaka kusimama, bench zilikuwa zimejaa, magoti ya watu yamemufunga. Alitazama yote. Mpaka pale juu ya ghorofa, Soudeur amemushika patron kwa kravati ya shingoni, miguu inacheza hewani, na avenue yote, wazee kwa vijana, wanapiga kelele: «Achia! Achia!» Soudeur akaachia.

Na mimi nikamupa Almasi ishara, akazima.

Maana inaendelea kidogo. Soudeur anarudi kwake, anaosha mikono, anaosha, maji inapita tu. Ndugu yake harudi. Kesho anapanda bisi ya abiria, hakuna mutu anamwambia hata jambo. Ni mwisho mubaya, sijui kwa nini waliuweka. Nilimwambia Almasi: huo kata. Watu wangu walingoja haki muda murefu, siwezi kuwapa mutu anaosha mikono.

Hugues aliondoka bila kuaga, kiatu kimoja kikabaki chini ya bench. Sasa akipita barabarani watoto wanaimba, «Achia! Achia!» Muke wake hanunui tena nyanya hapa, anashuka mpaka Kadutu.

Ninalala vizuri. Hiyo nayo mwambie Sista.

Koko wako,
Adélaïde M'Mushagalusa
(kidole)


Walungu, tarehe 14 Aprili 2024

Koko,

Barua hii haikupitia kwa Sista Ghislaine. Nimempa mwenye pikipiki anayeleta mkaa hapa, mkononi. Ukishasikia, Chadia aichome.

Ile ya kwanza niliyoandika ni uongo. Sijasamehe. Ninaamka na Hugues, ninapiga magoti na Hugues. Padri akiinua kikombe mimi naona lango lake jipya. Wenzangu wanasema Mélanie ana uso wa sala. Si sala. Ninabomoa ule ukuta, jiwe kwa jiwe, kila asubuhi, mpaka kengele inalia.

Koko, wewe ulishughulikia wageni siku ile ya kilio. Ni mimi niliyeosha nywele za Mama. Matope yalikuwa hayaishi. Nilimwaga beseni, nikachota mengine, bado maji yanatoka mekundu ya udongo. Na nje nilisikia sauti ya Hugues anaelekeza wapishi, anasema ongezeni mafuta, watu wale vizuri. Nikaacha nywele, nikaenda kuchukua sahani yangu, kwa kuwa nilikuwa na njaa. Nilimshukuru. Nilisema «aksanti tonton» na udongo wa Mama ukiwa ndani ya kucha zangu.

Umefanya vizuri kuukata mwisho. Niliposoma shingo yake, nilicheka peke yangu kwenye bustani ya kabichi.

Lakini kuimbiwa na watoto haitoshi, Koko. Siku moja vijana wa avenue watachoka kuimba. Wakitaka kupanda kwake, usiwazuie.

Mélanie


Nyalukemba, Jumamosi tarehe 20 Aprili 2024

Mélanie dada yangu,

Salamu kwako. Leo ni mimi mwenyewe Chadia ninayekuandikia. Naandika haraka, nisamehe mwandiko.

Barua yako ilifika juzi. Nilimsomea Koko yote isipokuwa mstari wa mwisho. Nilijiambia, wewe umeandika kwa uchungu, na mimi sikutaka maneno yale yatoke kinywani mwangu. Koko alinitazama tu, akaniambia niikunje.

Saa hii vijana wale waliokuja kutazama filme wamepita hapa mbele. Wamechukua tairi kuukuu ya lori pale kwenye garaji, wanaiviringisha, na mmoja ana petroli ndani ya chupa ya maji. Wanaimba «Achia! Achia!» Hawaimbi kama watoto. Wanapanda kwa Hugues.

Koko ametoka ukumbini akasikiliza. Kisha akaniuliza: «Ile barua ya Mélanie ilimalizikia wapi? Macho yako yalikwenda mbele, kinywa kikabaki.» Sikuweza kumdanganya mara ya pili. Nimemsomea.

Ameomba kigoda chake.

Sijui kama anakwenda kuzuia au kutazama. Naweka kalamu, naenda naye. Dereva wa basi la Walungu anangoja barua hii.

Chadia


Walungu, tarehe 21 Aprili

Chadia,

Imefika leo, nyuma ya misa. Sili. Niambie Koko alienda kufanya nini. Niambie yuko mzima. Kama ulisoma mstari ule na yeye akautii, usinifiche.

Nimemwomba Sista Ghislaine ruhusa ya kupiga simu. Ameniuliza kwa nini. Nimerudi bustanini kwenye kabichi.

Mélanie


Nyalukemba, tarehe 19 mwezi wa tano 2024

Mélanie mama yangu,

Niko muzima. Chadia alitaka kukuandikia siku ile ile, mimi nilimukataza. Nilisema: Mélanie angoje kidogo, naye aonje vile mutu anangojea. Ilikuwa roho mubaya, sikatai. Juma moja ilitosha, lakini mvua ilikata barabara, ndiyo sababu imekuwa mwezi. Sasa kaa chini.

Unauliza nilienda kufanya nini. Nilienda kutazama.

Sikudanganyi. Nilibeba kigoda nikakiweka mbele ya lango lake pale penye ninaona vizuri, kama kwenye filme. Walikuwa wamemutoa nje. Shati imepasuka, miguu wazi, tairi iko chini, chupa inapita mukono kwa mukono kwa sababu kila mutu anaogopa kuwa wa mwisho kuishika. Nikaangalia ile shingo. Nikasema ndani yangu: Patrice, amuka uone.

Ndipo Déborah akatoka mulangoni. Alikuwa ameshika kiatu kimoja cha kung'aa, mwenzake na kile kilibaki kwangu. Akasema, «Papa, valia, kuna matope.»

Mélanie, nilitafuta furaha yangu, sikuiona. Nikaona yule Soudeur anaosha mikono. Nikaona wewe na beseni. Nikasema: huu ndio mwisho wenye niliukata, na sasa hawa wote wamepanda huku kuutafuta.

Nikasimama. Nikabeba kigoda changu, nikakiweka ndani ya shimo la tairi, nikakaa.

Kijana mumoja akapiga kelele: «Koko, toka! Ni kwa ajili yako!»

«Kwa ajili yangu? Nani alikutuma? Ndevu hazijaota vizuri, unakuja kuniibia adui?»

«Koko, huyu ni muuaji!»

«Najua kuliko wewe! Huyu adui ni wangu. Nimemulea ndani ya roho yangu kama mutoto mchanga, nimemubembeleza usiku na muchana. Leo mumuchome dakika moja, apumuzike? Apumuzike, na mimi nibaki na nani? Washeni, basi. Anzeni na liputa, kitenge changu hiki, ni mupya.»

Wakacheka kidogo. Mutu akicheka, mukono unalegea. Nikamwona Almasi kati yao, ameinamisha kichwa. Nikamwambia: «Almasi, filme haikuisha. Waambie kipande chenye hukutafsiri.»

Hakukuwa na picha, hakukuwa na mikro. Alisimama pale kwenye mufereji kavu, akaanza, na ile sauti yake ya kazi: «Soudeur anarudi nyumbani. Hakuna mutu. Anafungua maji. Anaosha mikono...» Wakasikiliza. Alipofika kwa bisi, penye hakuna mutu anamusalimu, mwenye chupa aliiweka chini polepole kama yai. Wakaondoka mumoja mumoja. Tairi waliniachia. Nimepanda vitunguu ndani.

Sikumusamehe. Chadia, hapo andika herufi kubwa. SIKUMUSAMEHE. Nilimwambia pale pale, mbele ya muke na mutoto: «Kesho unashika jembe, wewe, si mufanyakazi wako, unarudisha mufereji penye ilikuwa. Na kila siku ya Mungu, nyuma ya misa, unakuja kwangu.»

Amechimba. Mikono ilitoka malengelenge, nilipita kila asubuhi kuyaangalia. Sasa maji inapita mbele ya lango lake jipya, na gari nyeupe analiacha chini barabarani.

Na siku ya Mungu anakuja. Ninamupa kile kiti cha mbele. Kiatu chake kilichobaki nimekiweka juu ya televizio, sijamurudishia. Tunatazama ile filme, kila mara ile ile, yote, Almasi anatafsiri kila neno. Ikifika penye maji inabeba watu ninabonyeza, picha inasimama, ninamwambia: «Angalia.» Anaangalia. Doa la matope liko pale kwenye kona, naye analiangalia. Siku ya kwanza alisema, «Maman, nilifikiri maji itapita kando.» Nikamwambia, sikukuita useme. Siku ya pili alilia, nikamwambia lia nje. Leo hakusema, hakulia, alitazama mpaka Soudeur anashuka kwenye bisi, kisha akabaki amekaa, hakuomba kuondoka.

Ninamupa maji. Chakula simupi. Déborah ninamupa viazi vitamu, mutoto hana kesi na mimi. Lakini baba yake hajakula kitu kwa mukono wangu, na yeye anajua sababu. Mutu wa kwetu anajua.

Sasa wewe. Ile barua yako ya kwanza ilikuwa na pouda. Ya pili ndiyo uso wako, na mimi ninaipenda, hata na ule mustari wake. Sikuuogopa, mimi niliuweka ndani yako, kama vile nilimuwekea Patrice pua yangu. Mupelekee Sista Ghislaine uso huo, umwambie: ndiyo hii. Akikufukuza, kuja nyumbani, kitanda kipo. Akikubakisha, utakuwa umeapa ukiwa mutu muzima, si nusu.

Nimenunua muchele. Ni wangu, si wa Hugues. Uko ndani ya kopo juu ya kabati, haujafika kwa moto. Siku nitamupakulia sahani, maneno imekwisha, na hiyo mimi siwezi kuikata peke yangu. Nywele ni wewe uliziosha.

Wanasema kabla ya nadhiri wanawapa siku za kusalimia jamaa. Kuja. Utakaa kwa kiti cha pili, karibu na yeye, uone shingo. Tutatazama yote, mpaka mwisho. Halafu utaniambia kama niwashe makala jikoni nipike ule muchele, ao niache.

Koko wako,
Adélaïde M'Mushagalusa
(kidole)